Shajara ya mradi: darubini ya kwanza ya anga, Arusha, Juni hadi Oktoba 2025

Lengo: darubini moja ya kutumiwa na watu wanane wa Njiro, ibebwe na mtu mmoja, iingie kwenye buti la gari dogo, na ioneshe kasoko za Mwezi, miezi ya Mshtarii na mafungunyota ya kusini bila kuhitaji umeme. Bajeti ya kuanzia ilikuwa shilingi 1,000,000. Imevuka, na palipovuka pameandikwa. Saa zote ni za Kiswahili.

Jambo moja litangulie kwa sababu ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata. Arusha ipo nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Miongozo mingi ya kununua darubini imeandikiwa watu wanaoishi nyuzi 40 au 50 kaskazini. Ushauri wao kuhusu vioo na lenzi unafaa popote. Ushauri wao kuhusu stendi, ukiufuata hapa, utakugharimu.

7 Juni 2025: macho mawili kabla ya jicho moja

Kitu cha kwanza kununuliwa kilikuwa darubini ya macho mawili, 10x50, ya mtumba, shilingi 90,000. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukivuka 10 mkono hautulii tena, utahitaji stendi.

Ziliangaliwa tatu na mbili zikakataliwa. Majaribio yenyewe hayachukui dakika tano. Elekeza kwenye ukingo wa paa la mbali, kisha rudisha kichwa nyuma polepole: ukingo ukionekana kwenye jicho moja juu na kwenye jingine chini, prizimu zimehama na kichwa kitauma ndani ya robo saa. Pili, mulika tochi kupitia lenzi ya mbele huku ukichungulia ndani. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na huku kuvu ni jambo la kawaida, hasa kwa vifaa vilivyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi masika nzima. Usinunue kwa matumaini ya kusafisha. Kuvu hula mpaka rangi ya juu ya lenzi.

Wiki mbili za kujifunza anga kwa macho mawili zilitosha kutambua Salibu, Nge na Mshale. Kilimia kilipatikana alfajiri tu, juu ya upeo wa mashariki. Kama ilivyo ada ya huku, kilizama kwa mvua kikazuka kwa jua.

22 Juni 2025: kosa la shilingi 320,000

Ilinunuliwa darubini ya kioo ya mtumba, 114/1000, pamoja na stendi ya ikweta. Alama ya hatari ilikuwa wazi, ila haikusomwa. Kipenyo cha kioo ni milimita 114, urefu wa fokasi milimita 1000, lakini bomba lenyewe lina sentimita 50 tu. Katika darubini ya kawaida ya Newton, bomba hukaribiana urefu na fokasi. Likiwa nusu yake, ujue kuna lenzi imefichwa kwenye shingo ya kurekebishia fokasi, inayorefusha fokasi ya kioo kifupi chenye umbo la tufe. Lenzi hiyo ikiwa ya bei rahisi, picha haikazi.

Kwa lenzi ya jicho ya milimita 25 (mara 40) Omega Centauri (kundi la nyota nyingi zilizosongamana) ilionekana vizuri kiasi. Kwa milimita 10 (mara 100) Alpha Centauri, ambayo ni nyota mbili na kioo cha 114 kinatakiwa kuzitenganisha bila jasho, ilionekana kama kiazi kimoja chenye manyoya. Kupanga vioo, yaani kuvirekebisha vikae kwenye mstari mmoja, hakukusaidia, kwa sababu ile lenzi ya kwenye shingo hupotosha unachokiona wakati wa kupanga. Inabidi ifunguliwe kwanza, na kwa hii ilikuwa imegandishwa kwa gundi.

Kuhusu ukuzaji: kikomo chenye manufaa ni takriban mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Dukani kulikuwa na sanduku la 76/700 lililoandikwa mara 525. Hesabu yake ni 700 gawanya kwa lenzi ya milimita 4, zidisha kwa Barlow ya 3 (lenzi ya nyongeza inayozidisha ukuzaji mara tatu). Hesabu haina kosa, ila kioo cha 76 huishia kwenye mara 150 hivi, na hapo ni usiku ambao hewa imetulia. Namba kubwa ya ukuzaji ikitangulia kwenye sanduku, acha sanduku.

29 Juni 2025: stendi ya ikweta karibu na ikweta

Jina linadanganya. Stendi hii ina mhimili unaotakiwa kulala sambamba na mhimili wa Dunia, ili kuzungusha kifundo kimoja kutoshe kuifuata nyota. Kwa Arusha mhimili huo unatakiwa uelekee kusini kamili, ukiinuka nyuzi 3.4 tu. Yalijitokeza matatizo matatu, na kila moja lilizaa jingine.

Skrubu ya kuinamishia ilifika mwisho wake kwenye nyuzi 12. Zilizobaki zikatafutwa kwa kufupisha mguu wa kusini wa stendi, na stendi nzima ikaegemea upande wenye uzito. Bomba lilipogeuzwa kutazama utosini, stendi ilianza kuanguka. Fimbo ya kizani (uzito wa kusawazisha bomba) nayo, mhimili ukiwa karibu umelala, hushuka wima katikati ya miguu, na kizani hugonga mguu kabla nyota haijafika inapotakiwa.

Tatizo la tatu ni la kuelekeza. Nyota ya Kaskazini ipo chini ya upeo wetu, na hata isingekuwa chini, ukiwa mjini Mlima Meru umeziba kama nyuzi 12 za upeo wa kaskazini. Upande wa kusini, nyota iliyo jirani na ncha ya anga, Sigma Octantis, ina mng'ao wa 5.4 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu) na hapa iko chini kabisa kwenye ukungu na vumbi. Haionekani. Unabaki na dira ya simu, ambayo stendi ya chuma huivuruga. Simama mita tatu kutoka kwenye stendi ukipima.

Kwa kutazama kwa macho, stendi ya ikweta hapa haifai. Inayofaa ni ya kwenda juu-chini na kushoto-kulia, na nzuri zaidi kwa bei yake ni sanduku la Dobson. Linaitwa kwa jina la John Dobson, aliyeanza kutengeneza darubini za namna hiyo kwa mbao na vifaa vya kuokoteza huko San Francisco.

12 Julai 2025: kuuza, kuchagua, na hesabu ya forodha iliyokosewa

Ile 114/1000 iliuzwa 210,000, mnunuzi akiwa ameoneshwa kasoro zote mbili. Hasara: 110,000.

Zilibaki chaguo mbili. Dobson ya 150/1200 ni bora kwa vioo, na haigombani sana na mpangilio wa vioo kwa sababu uwiano wake, yaani fokasi gawanya kwa kipenyo, ni f/8. Tatizo ni usafiri. Kampuni za mizigo ya ndege hutoza kwa uzito halisi au kwa ujazo, chochote kilicho kikubwa, na ujazo hupatikana kwa kuzidisha sentimita za pande tatu na kugawa kwa 5,000 (wengine 6,000). Sanduku la sentimita 130 kwa 32 kwa 32 huhesabiwa kilo 26.6 hata kama ndani mna kilo 10, na kitako huja kwenye sanduku la pili.

Ikachaguliwa Dobson ya mezani, 130/650, yenye bomba linalovutwa na kukunjwa, kilo 6 na kitu. Kwa f/5 hakikisha maelezo yanasema kioo ni cha parabola. Kioo cha tufe kinavumilika kwenye 114/900. Kwenye f/5 ni uji. Hakikisha pia lenzi za jicho ni za kipenyo cha inchi moja na robo. Zile nyembamba za 0.965 hazina soko tena, na utakwama nazo.

Kosa la bajeti lilikuwa hili: VAT ya asilimia 18 ilihesabiwa juu ya bei ya darubini peke yake, shilingi 640,000. Forodha huhesabu juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kisha ushuru huongezwa, ndipo VAT hupigwa juu ya jumla hiyo. Darubini za aina hii zimo katika kundi la 9005 la vitabu vya forodha. Mpe wakala namba hiyo mapema akupigie hesabu kabla hujalipa. Usafiri, bima, ushuru, VAT na ada vilifika 430,000. Jumla 1,070,000, na bajeti ikaishia hapo.

9 Agosti 2025: imefika, vioo vimehama

Leo ni mwezi mpevu, anga haina kazi, kwa hiyo siku ilitumika kupanga vioo mchana.

Kifaa cha kupangia kilitengenezwa kwa kipande cha bomba la plastiki la milimita 32, urefu sentimita 4, shilingi 3,000. Shingo ya darubini ni milimita 31.7, hivyo bomba linasuguliwa kwa msasa kidogo kidogo, huku likijaribiwa, mpaka liingie bila kulazimishwa. Mdomo mmoja huzibwa kwa kifuniko chenye tundu la milimita 2 katikati. Unachungulia hapo.

Mpangilio una zamu yake. Kwanza kioo kidogo, kile cha juu kinachogeuza mwanga kwenda kwenye shingo, kikae katikati ya shingo na kionekane duara. Pili, kwa skrubu tatu za kioo kidogo, leta duara lote la kioo kikuu, kile cha chini ya bomba, ndani yake, pamoja na vishikio vyake vitatu. Tatu, kwa skrubu za kioo kikuu, peleka kivuli cha tundu lako katikati ya alama iliyo kwenye kioo kikuu. Mara ya kwanza hatua ya tatu ilifanywa kabla ya ya pili. Alama ilikaa katikati, kila kitu kikaonekana sawa, na usiku nyota zote zikawa na mkia upande mmoja. Ilibidi kurudi mwanzo. Skrubu za kioo kidogo zikazwe kwa vidole na robo zungusho tu. Kioo kinaweza kuvunjika.

Fokasi ya darubini hii ni ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa, na ilikuwa inacheza: ukiigusa, picha inahama. Dawa yake ni utepe mweupe wa teflon wa mafundi bomba, mizunguko miwili kwenye meno ya skrubu, shilingi 1,000. Mizunguko minne ilikuwa mingi, ikakwama.

Sehemu ya juu ya bomba iko wazi, taa ya jirani inaingia moja kwa moja. Imezungushiwa karatasi nyeusi ya sponji ya duka la vifaa vya shule, mbili kwa 6,000. Kitambaa kilijaribiwa kabla yake kikalegea na kuziba njia ya mwanga.

12 Agosti 2025, alfajiri

Zuhura na Mshtarii zilikuwa zimekaribiana pungufu ya nyuzi moja. Kwa lenzi ya milimita 25 (mara 26) uwanja wa kutazama ni karibu nyuzi 2, kwa hiyo zote mbili ziliingia pamoja, na miezi ya Mshtarii ikionekana. Mawingu ya asubuhi, ambayo Julai na Agosti hukaa mjini kama mgeni asiyeaga, yaliachia kwa dakika kumi na tano tu. Muda wote uliobaki meza ya plastiki ilikuwa inatikisika.

23 Agosti 2025: kigoda, na teflon mahali pasipo pake

Darubini ya mezani huuzwa bila meza, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani kioo ni kibovu. Pima hivi: gonga bomba kwa kidole kwa mara 65, hesabu sekunde hadi nyota itulie. Kwenye meza ya plastiki, sekunde 6. Juu ya boneti ya gari, 4, na injini ya moto hutoa joto linalochemsha picha. Juu ya kigoda kilichotengenezwa, sekunde moja na nusu.

Kigoda: plaiwudi ya milimita 18, duara la sentimita 45, miguu mitatu ya mbao 2 kwa 3, urefu sentimita 60, ikitanuka kidogo nje, vipande vya kuunganisha miguu katikati, na vipande vya tairi chini. Miguu iwe mitatu, kwa sababu minne kwenye ardhi ya shamba daima mmoja unaning'inia. Kipande cha plaiwudi 25,000, mbao 18,000, skrubu na gundi 8,000, tairi 2,000, fundi wa mtaa wa Unga Limited 25,000. Jumla 78,000. Kwanza fundi aliweka miguu wima kama ya stuli ya baa, ikatikisika, ikarudishwa.

Kitako cha Dobson chenyewe kilikuwa kinakwama kisha kinaruka unapokisukuma. Legeza boliti ya katikati kwanza. Mara nyingi inatosha. Haikutosha. Utepe ule wa teflon, kwa kuwa ulifanya maajabu kwenye fokasi, ulibandikwa chini ya kitako. Usiku mmoja tu ukakunjamana. Kilichofanya kazi ni vipande vitatu vya plastiki ngumu vilivyokatwa kwenye ubao wa kukatia nyama (5,000), sentimita 3 kwa 3, vikiwekwa juu kabisa ya miguu mitatu ya kitako, na uso unaoteleza juu yake ukipakwa nta ya gari kidogo.

Jaribio lilifanyika Meserani, kilomita 25 hivi magharibi ya mji, ambako mwanga wa Arusha unabaki mashariki na kusini pako wazi. Nebula (wingu la gesi angani) ya Lagoon, M8, ilionekana bila kutafutwa sana. Kabla ya kwenda, mwenye shamba na mwenyekiti wa kijiji waarifiwe. Watu wenye bomba na tochi nyekundu gizani huulizwa maswali, na ni haki. Kaa mbali na kambi za jeshi, na taa ya leza ya kijani usiielekeze popote karibu na njia ya ndege. Uwanja wa ndege wa Arusha upo barabara hiyo hiyo, Kisongo.

Tochi ya kichwani 12,000, ikapakwa rangi nyekundu ya kucha 2,000, mara mbili. Mara moja hupitisha mwanga mweupe.

7 Septemba 2025: kupatwa kwa Mwezi

Mwezi ulizama wote kwenye kivuli kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku. Mara 26 ndiyo iliyofaa. Hata hivyo macho mawili yalionesha rangi ya shaba vizuri kuliko darubini, na ukweli huo uandikwe ili mtu asinunue darubini kwa ajili ya kupatwa kwa Mwezi. Picha za simu iliyoshikwa kwa mkono: hakuna iliyobaki.

Watoto hushika bomba ili wasianguke. Wapewe kiti cha kukalia, tatizo linaisha.

20 Septemba 2025: shimo la utosini

Hili ndilo tatizo la Dobson ambalo miongozo ya kaskazini hulitaja kwa mstari mmoja, na hapa ni la kila wiki. Kitu kikikaribia utosi, kusukuma kushoto au kulia hakukisogezi. Bomba limesimama wima na linajizungusha mahali pake. Mwaka huu Zohali ilipita karibu kabisa na utosi wa Arusha. Nebula ya Jabari itafanya hivyo hivyo Desemba na Januari, na ndivyo vitu viwili ambavyo kila mgeni huomba kuviona.

Kuinamisha kigoda kwa vipande vya mbao kulijaribiwa. Kwa nyuzi 10 kulisaidia kidogo. Kwa 15 bomba lilianza kujishukia lenyewe. Suluhisho ni ratiba. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo eneo baya, nyuzi 10 kila upande wa utosi, hudumu dakika 80. Kwa Zohali usiku huu ilikuwa takriban saa 5:45 hadi saa 7:05. Tazama kabla au baada. Katikati, geukia vitu vya kusini: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, halipandi zaidi ya nyuzi 24 hapa na halitakusumbua shingo.

Lenzi ya jicho ya milimita 6 iliongezwa, 85,000, inayotoa mara 108. Waambie watu mapema kuhusu Zohali ya mwaka huu. Dunia ilivuka usawa wa pete zake Machi 2025, na bado zinaonekana kwa ubavu, kama sindano iliyochoma tone. Sura ya kwenye vitabu itarudi polepole miaka ijayo.

18 Oktoba 2025: vumbi, maji ya betri, na hesabu

Vumbi la Meserani limekaa kwenye kioo kikuu. Vumbi kidogo halipunguzi chochote kinachoonekana, na sheria ni kutosafisha. Lakini mtu alipitisha kitambaa cha miwani, kikaacha mikwaruzo myembamba ya kudumu na alama ya mafuta, ikabidi kioo kioshwe.

Weka alama ya kalamu kwenye bomba na kwenye kitako cha kioo ili kirudi vilevile. Mwagia maji ya bomba dakika tatu bila kugusa. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo. Pamba buruta kwa uzito wake wenyewe, mara moja, kisha itupe na uchukue nyingine. Suuza mwisho kwa maji ya betri, lita mbili 3,000, kwa sababu hayaachi madoa ya chumvi. Soma chupa: asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo, kwenye chupa inayofanana, na itaondoa rangi ya fedha ya kioo pamoja na ngozi ya vidole. Simamisha kioo kikauke chenyewe, kisha panga vioo upya.

Hesabu mpaka leo: macho mawili 90,000, hasara ya 114/1000 110,000, darubini 1,070,000, lenzi ya milimita 6 85,000, kigoda 78,000, vidogovidogo 33,000 pamoja na utepe ulioharibika. Jumla 1,466,000. Mafuta ya safari tano za Meserani, 120,000, hayamo.

Vuli inakaribia. Darubini inawekwa imefunikwa kwa kitambaa, si kwa nailoni, chumbani penye hewa. Nailoni hufuga kuvu. Isielekezwe dirishani, jua likiingia kwenye kioo huunguza. Filamu ya kutazamia Jua, ile inayofunika mdomo wote wa bomba, bado haijanunuliwa na haina haraka: kupatwa kwa Jua kwa sehemu kutaonekana hapa 2 Agosti 2027. Kile kichujio kidogo cha Jua cha kufungia kwenye lenzi ya jicho, kilichokuja na ile 114/1000, hupasuka kwa joto jicho likiwa hapo hapo. Hakikuuzwa pamoja nayo. Kilipigwa nyundo.